SABUNI KWA MIKONO, MAJI KWA KIDONDA

Somo la afya kwa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira



Somo la leo ni juu ya kuosha kidonda. Tunaomba mmoja wenu asome kwa sauti, na kila mwisho wa sehemu asimame ili wengine waulize. Mwisho wa somo kuna maswali. Msiyaruke.

Chukueni mfano huu. Mama mmoja anakata nyasi ya ng'ombe asubuhi, kule bondeni karibu na mto. Panga linateleza na kumkata mguu chini ya goti. Damu inatoka, na matope yameingia ndani. Anafika nyumbani akichechemea, na hapo kila mtu ni daktari. Jirani wa kwanza anasema mafuta taa. Wa pili anasema majivu. Shemeji yake anakuja mbio na chupa ya Dettol, anaimwaga hivyo hivyo bila kuichanganya na maji. Kijana aliyesoma kidogo anafungua kapsuli mbili za antibayotiki na kunyunyiza unga wake juu. Mama anapiga kelele kwa uchungu, na watu wanaridhika. Si dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi? Kisha mguu unafungwa kwa kitambaa, na matope yale yale bado yako ndani.

Siku ya tano mguu umevimba, unatoa usaha, na homa imempanda. Sasa chama kinachanga pesa za gari na za hospitali. Ni kikundi gani hakijaona jambo kama hili? Kwa mchuma chai wa Nyamira, mchonga mawe wa Tabaka, mchoma matofali au kijana wa boda boda, mkono na mguu ndio shamba, ndio duka, ndio karo ya watoto. Kidonda kikioza, nyumba nzima inalala njaa.

Lakini angalieni vizuri. Kati ya watu wote waliokuja kusaidia, hakuna hata mmoja aliyeleta maji.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
1. kueleza kwa nini maji mengi safi ndiyo dawa ya kwanza ya kidonda;
2. kutaja dawa za kuua vijidudu zinazoweza kuumiza nyama ya kidonda, na mahali ambapo dawa hizo zina kazi yake;
3. kuosha kidonda cha kawaida nyumbani, na kujua ni kipi cha kupelekwa hospitali siku ile ile.

KIDONDA HUOZA KWA SABABU GANI?

Ngozi ni kama ukuta wa boma. Panga likikata, ukuta umebomoka na vijidudu wanaingia pamoja na udongo, majani, nyuzi za nguo na kinyesi cha mifugo. Wachache wakiingia mahali safi penye damu nzuri, mwili wenyewe unawamaliza. Mungu ameuwekea mwili askari wake, nazo ni chembe nyeupe za damu. Pia ameuwekea mafundi, yaani chembe zinazojenga nyama mpya.

Shida inaanza vijidudu wakipata maficho. Punje ya mchanga, kipande cha nyama iliyokufa au damu iliyoganda ndani ya kidonda ni kwao kama ghala la mahindi kwa panya. Wanakula, wanazaana, na askari wa mwili hawawafikii. Ukimwaga dawa juu ya ghala, utaua panya aliye juu ya paa. Walio ndani wanaendelea kula. Kazi ya kwanza, basi, ni kuondoa ghala lenyewe, na kazi hiyo inafanywa na maji yanayotiririka.

WATAFITI WAMEONA NINI?

Mkulima akitaka kujua mbegu gani ni bora, hasikilizi maneno ya muuzaji tu. Anapanda mbegu mbili katika shamba moja, chini ya mvua moja, kisha anahesabu magunia. Watafiti wa tiba nao hufanya hivyo. Kundi moja la wagonjwa linapewa dawa hii, kundi lingine linapewa ile, kisha wanahesabu waliopona na waliooza vidonda.

Imani yetu katika dawa kali haikutoka hewani. Mwaka 1867 daktari mpasuaji Joseph Lister, aliyefanya kazi Glasgow, Scotland, alichapisha habari za vidonda alivyovitibu kwa asidi ya kaboliki. Wakati huo watu wengi waliovunjika mifupa na kupata kidonda walikatwa kiungo au walikufa. Wa kwake wengi walipona. Dunia ikajifunza kwamba vijidudu wakizuiwa, kidonda hupona. Hilo ni kweli hadi leo.

Lakini vilikuja Vita vya Kwanza vya Dunia, na vidonda vikawa vya aina nyingine. Vilikuwa vimejaa udongo wa mashamba yenye mbolea, vipande vya nguo na vyuma. Huko Boulogne, Ufaransa, alikuwako daktari kijana aitwaye Alexander Fleming, yule yule aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928. Fleming alitengeneza kidonda cha kioo. Alichukua bomba la kioo, akalivuta pembeni likawa na vijishimo vyembamba kama vile vya kidonda cha risasi, akatia vijidudu ndani. Kisha akalijaza dawa, akaimwaga, na kutia chakula cha vijidudu. Vijidudu wakaota tena! Dawa haikuwafikia waliojificha kwenye vijishimo. Zaidi ya hayo, aliona kwamba dawa nyingi za wakati ule ziliziua chembe nyeupe za damu upesi kuliko zilivyowaua vijidudu. Yaani waliokufa kwanza ni askari wetu wenyewe. Aliyaeleza haya mbele ya madaktari wenzake mwaka 1919.

Mwaka 1985 huko Marekani, William Lineaweaver na wenzake walizipima dawa nne zilizokuwa zikitumiwa sana kwenye vidonda: povidoni ayodini ya asilimia 1, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, hipokloraiti ya asilimia 0.5 (hii ni jamii moja na dawa ya kufulia nguo nyeupe), na asidi ya siki ya asilimia 0.25. Walizitia juu ya chembe za mafundi, wale wanaojenga nyama. Zote nne ziliziua chembe hizo. Ayodini na hipokloraiti zilipochanganywa na maji mengi sana ziliweza kuua vijidudu na kuwaacha mafundi wakiwa hai. Peroksaidi haikuweza: hata ikipunguzwa makali iliendelea kuwadhuru mafundi pale ambapo haikuua tena vijidudu. Ile povu nyeupe tunayoipenda, basi, si alama ya uponyaji.

Mtu anaweza kuuliza, "Hayo ni ya vyombo vya maabara. Je, kwa mwanadamu?" Swali zuri. Mwaka 2015 yalitoka majibu ya jaribio kubwa lililoongozwa na Mohit Bhandari wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Lilihusu watu 2,447 waliovunjika mifupa na mfupa ukapata kidonda wazi, katika hospitali za Marekani, Kanada, Australia, Norwe na India. Wote waliingizwa chumba cha upasuaji. Nusu walioshwa kidonda kwa maji ya chumvi peke yake, na nusu kwa maji yenye sabuni. Katika mwaka uliofuata, waliorudishwa kupasuliwa tena ni 11.6 kwa kila 100 upande wa maji ya chumvi, na 14.8 kwa kila 100 upande wa sabuni. Maji matupu yakashinda.

Jaribio hilo lilipima jambo la pili pia, yaani nguvu ya maji. Wengine walioshwa kwa mashine yenye kusukuma maji kwa nguvu, wengine kwa maji yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye mfuko uliotundikwa juu. Tofauti haikuonekana. Hii ni habari njema kwetu. Birika na mkono ulioinuliwa vinatosha kuyateremsha maji.

Na kuhusu maji yenyewe, watafiti wa Australia, Ritin Fernandez na Rhonda Griffiths, walianza mwaka 2002 kukusanya majaribio yaliyolinganisha maji ya mfereji na maji ya chumvi ya hospitali. Hawakupata ushahidi kwamba maji ya mfereji yanafanya vidonda vioze zaidi. Lakini sikilizeni hapa: hayo ni maji ya mfereji yanayofaa kunywewa. Maji ya mto ambako ng'ombe wananyweshwa si hayo. Pasipo mfereji salama, walishauri maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Je, dawa zote ni bure basi? Hapana. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia kuoza kwa vidonda vya upasuaji. Lilisema daktari anaweza kufikiria kuosha kidonda cha upasuaji kwa povidoni ayodini kabla ya kukishona, ila lilishauri maji yenye antibayotiki yasitumike kuoshea. Kwa hiyo dawa ina mahali pake, kipimo chake na mwenye kuijua. Na unga wa kapsuli hauna kazi juu ya kidonda. Hauingii kwenye maficho, na unawazoesha vijidudu dawa, mpaka siku utakapoihitaji kweli haitakusaidia.

KARIBU NA KWETU

Tusiseme ati mambo haya ni ya Wazungu tu. Hapa Gusii tumeshughulika na vidonda tangu zamani. Ababari wetu, waliofungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa kwa mtu aliyepigwa na kuumwa kichwa, waliandikwa katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka 1958. Na Kenya na pwani ya Waswahili zina tafiti zao.

Kijabe. Hospitali ya kanisa ya Kijabe ilitaka kujua kama madaktari wanaopasua wasugue mikono kwa dawa ya spiriti au wanawe kwa sabuni ya kawaida na maji. Walifuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000, na majibu yakachapishwa mwaka 2010. Vidonda vilivyooza vilikuwa 8.3 kwa kila 100 upande wa spiriti, na 8.0 kwa kila 100 upande wa sabuni. Kwa maneno mengine, hakuna tofauti. Kama sabuni na maji vinatosha mikono ya daktari mpasuaji, vinatosha mikono yako wewe unayeosha mguu wa jirani.

Pemba. Kitovu cha mtoto mchanga ni kidonda pia. Huko Nepal na Bangladesh, kupaka kitovu dawa ya klorheksidini kulipunguza vifo vya watoto wachanga. Kisha ikajaribiwa Pemba kwa watoto zaidi ya 36,000. Majibu ya mwaka 2016 hayakuonyesha upungufu wa vifo ulio dhahiri. Dawa ni ile ile, lakini mahali ni tofauti. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari, kwa sababu katika nchi kadhaa za Afrika dawa hiyo ya kitovu ilitiwa machoni kwa makosa na watu wakaumia macho. Mama akipewa dawa hii kliniki, aitumie kwa kitovu tu kama alivyoelekezwa, na aiweke mbali na dawa za macho.

Funza. Wengi wetu tumeziosha nyayo za watoto kwenye karai la maji ya zambarau, yaani pamanganeti ya potasiamu. Utafiti uliofanywa kijijini hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulichukua watoto 47. Mguu mmoja ulitiwa kwenye maji hayo ya zambarau, mwingine ukapakwa mafuta yaitwayo dimetikoni. Baada ya siku saba, funza 78 kwa kila 100 walikuwa wamekufa upande wa mafuta. Upande wa maji ya zambarau walikuwa 39 tu. Kumbe rangi kali si kipimo cha nguvu ya dawa.

TUSITIE HIVI NDANI YA KIDONDA

- Mafuta taa, asidi ya betri, mafuta ya breki: vinachoma nyama.
- Majivu, udongo, tumbaku, kinyesi cha ng'ombe: vinaleta uchafu mpya, na udongo na kinyesi vinaweza kuleta pepopunda.
- Dettol au Savlon isiyochanganywa: inaunguza. Soma maandishi ya chupa.
- Haidrojeni peroksaidi na spiriti: zinaua chembe zinazojenga.
- Dawa ya kufulia nguo nyeupe: iache kwenye nguo.
- Unga wa kapsuli: hapana.

JINSI YA KUOSHA KIDONDA NYUMBANI

Hii ni kwa kidonda cha kawaida: kilichokatwa, kilichokwaruzwa, kisicho kirefu sana kwenda ndani.

1. Zuia damu kwanza. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo, bila kufunua kuchungulia. Damu ikiruka kwa mapigo, endelea kubonyeza na mpeleke hospitali. Usikae kuosha.

2. Tayarisha maji. Chemsha maji yabubujike. Katika nyanda zetu za juu, yaache yabubujike dakika tatu. Yafunike yapoe mpaka yawe vuguvugu. Ukipenda tia chumvi, vijiko viwili vya chai visivyojazwa kilima kwa lita moja. Chumvi inapunguza kuwasha, lakini pasipo chumvi usiache kuosha. Kama hakuna yaliyochemshwa, tumia maji ya kunywa yaliyotiwa dawa ya maji, au safi kuliko yote uliyo nayo.

3. Nawa mikono kwa sabuni na maji mpaka kwenye viwiko. Vaa glavu ukiwa nazo. Usipokuwa nazo, funika mkono kwa mfuko safi wa plastiki. Damu ya mtu mwingine inaweza kuleta ugonjwa.

4. Osha ngozi inayozunguka kidonda kwa sabuni, ukienda kutoka kidondani kuelekea nje. Jitahidi povu lisiingie ndani. Likiingia kidogo usiogope, litatoka na maji.

5. Sasa mwagia kidonda chenyewe. Mweke mgonjwa ili maji yashuke na kutoka, yasituame. Mwaga kutoka kwenye birika au jagi safi, polepole, bila kukatiza. Wataalamu hukadiria mililita 50 mpaka 100 kwa kila sentimita ya urefu wa kidonda. Kwa hiyo kidonda cha urefu wa kidole kinahitaji lita moja nzima, na chenye matope mbili au zaidi. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea: tunamwaga kikombe kimoja na kusema tumeosha.

6. Fungua midomo ya kidonda taratibu ili maji yafike chini. Mchanga uliobaki uondoe kwa kitambaa kilichochemshwa. Usikwangue nyama. Kitu kilichochoma ndani sana, kama kijiti au chuma, usikivute. Mwachie daktari.

7. Funika kwa kitambaa safi kikavu. Badilisha kila siku, na kila kinapolowa au kuchafuka.

8. Usishone wala kubana kidonda kichafu ati kifunge upesi. Kukifunga ni kufungia mwizi ndani ya nyumba. Hata hospitalini kidonda kichafu mara nyingi huachwa wazi siku chache kabla ya kushonwa.

VIDONDA VISIVYOSUBIRI

Mbwa akikuuma. Hapa sheria ya sabuni inabadilika. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina ganda la mafuta, na sabuni inalivunja. Kwa hiyo osha ndani ya kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa kama unayo. Kisha paka ayodini ikiwepo, na uende hospitali siku ile ile kwa chanjo. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo 2030, na mpango huo unategemea pia chanjo ya mbwa wetu. Sindano za chanjo ni za siku mbalimbali. Asikose hata moja.

Pepopunda. Mbegu zake zinakaa kwenye udongo na kinyesi, na hakuna maji wala dawa ya kuoshea inayotoa hakika ya kuziondoa zote. Kinga ni chanjo. Akina mama wanachanjwa wakiwa na mimba. Wanaume je? Wengi hawajachomwa sindano hiyo tangu utotoni. Mwenye kidonda kichafu ambaye miaka mitano imepita tangu sindano ya mwisho, au hajui, aende akachanjwe. Taya likikaza, hiyo ni hatari kubwa.

Nyoka. Usikate, usinyonye, usimwagie dawa. Mtulize mgonjwa, kiungo kisichezechezwe, mpeleke hospitali mara moja.

Peleka pia siku ile ile: kidonda kirefu kwenda ndani au chenye midomo iliyoachana, mfupa unaoonekana, kidole kisichokunjuka, msumari uliochoma wayo, kidonda cha uso au cha kiungo, na kidonda chochote cha mwenye ugonjwa wa sukari. Tena rudi haraka ukiona wekundu unaoenea, joto, usaha wenye harufu, mstari mwekundu unaopanda, au homa. Mwambie daktari ulichomwagia, hata kama unaona haya. Hakuna aibu katika kusema kweli.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kila kikundi kinaweza kuwa na sanduku moja la huduma ya kwanza, likae kwa mwanakikundi ambaye mlango wake hufunguliwa hata usiku. Ndani yake: sabuni, birika lisilotumika kwa kazi nyingine, mtungi wa lita tano wenye kifuniko kwa maji yaliyochemshwa, glavu, vitambaa vyeupe vilivyofuliwa na kupigwa pasi, bandeji, mkasi na karatasi yenye namba za simu za mhudumu wa afya wa jamii na za mwenye gari. Maji ya mtungi yabadilishwe kila asubuhi. Andikeni zamu kama mnavyoandika zamu ya mchango.

Tena katika mchango wenu wa kila mwezi, tengeni kidogo kwa nauli ya dharura. Pesa inayotumika siku ya kwanza ni ndogo. Ya siku ya tano ndiyo inayouza mbuzi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Mara ya mwisho mtu wa kikundi chetu alipojikata, tulimwagia nini? Maji yalikuja wakati gani?
2. Kwa nini watu huamini kwamba dawa inayouma ndiyo nzuri? Fleming angewajibu nini?
3. Kwa nini sabuni inaingia ndani ya kidonda cha mbwa, lakini si ndani ya kidonda cha panga?
4. Chemchemi yetu imejengewa? Kama haijajengewa, ni nani ataanza?
5. Ni wanaume wangapi hapa wanaokumbuka mwaka wa sindano yao ya pepopunda? Wainue mikono.
6. Mtu mmoja aoneshe kuosha kwa birika, mwingine ajifanye mgonjwa. Tumieni lita nzima, mwone ni nyingi kiasi gani.

NENO LA MWISHO

Tunaujua mfano wa Msamaria Mwema katika Luka sura ya 10. Wengi tunakumbuka divai na mafuta aliyoyamwaga, nasi tunakimbilia chupa. Lakini someni mpaka mwisho. Alisimama wakati wengine walipita. Alitumia kile watu wa siku zake walichokijua kuwa kizuri. Alifunga vidonda, akampakia yule mtu juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa, na kuahidi kurudi. Ile chupa ilikuwa sehemu ndogo tu ya huruma yake.

Sisi leo tumejua zaidi kuhusu cha kumwaga. Mama yule wa nyasi akija tena mlangoni kwako akichechemea, mkalishe kwenye kiti, bonyeza damu, nawa mikono, leta birika. Chupa ya shemeji ibaki kwenye rafu. Halafu mtafutie gari kama mguu unahitaji gari.

Sabuni kwa mikono, maji kwa kidonda, na dawa kwa yule anayeijua. Mkilishika hilo moja, somo letu halikuwa bure. Mungu awabariki.